Unga wa kuamsha mbegu ya viazi na chupa ya kufupisha majani: matokeo ya shambani kwangu Uporoto

Wakulima wenzangu wa viazi mviringo, msimu uliopita nilinunua dawa mbili za homoni, zile ambazo siku hizi kila ukiingia duka la pembejeo Mwanjelwa au Mbalizi unaonyeshwa. Ya kwanza ni unga mweupe wa asidi ya jibereliki, ambao wengi tunauita GA. Ya pili ni maji mazito kwenye chupa, na kilichomo ni paklobutrazoli. Zote mbili zinauzwa kwa maneno yaleyale, kwamba zinaongeza mavuno. Nimezijaribu shambani kwangu huku Uporoto, nyanda za juu za Mbeya, mistari yenye dawa kando ya mistari isiyo na dawa, mbegu ileile, mbolea ileile, na vyote vikapandwa siku moja. Unga nitaununua tena, lakini kwa kazi moja tu. Chupa siinunui tena kwa shamba la huku juu.

Nianze na unga, maana ndio wenye mengi ya kusema.

Shida inayotufanya tuutafute kila mkulima wa ukanda huu anaijua. Ukivuna viazi vya mvua za kwanza mwezi wa kwanza, unataka mbegu irudi ardhini mwezi wa pili ili mvua zilizobaki ziikute. Kiazi hakikubali. Kikishang'olewa kinalala, na kwa aina nyingi kinalala miezi miwili hadi mitatu. Ukikipanda kikiwa bado kimelala, ama kinaoza kwenye unyevu, ama kinatoa shina moja dhaifu na shamba linaota mapengo matupu. Ukisubiri kiamke chenyewe, mvua zinakuacha, na majani machanga yanakutana na sakitu ya mwezi wa sita. Mwisho wa yote unaingia sokoni kununua mbegu iliyokwisha chipua ambayo hujui imetoka shamba gani, na kwa njia hiyo mnyauko bakteria umeingia kwenye mashamba mengi mazuri ya huku kwetu. Ukishaingia hautoki kwa dawa yoyote.

Kwa hiyo kitu kinachoniwezesha kupanda mbegu yangu mwenyewe, niliyoichagua kwenye mashina yenye afya na kuyawekea vijiti kabla ya kuvuna, kwangu kina thamani kubwa. Ndani ya kiazi kuna homoni zinazokizuia kuchipua na nyingine zinazokisukuma kichipue. Jiberelini, ambayo GA ni aina yake, ni ya kundi la pili. Ukiiongeza kwa nje, usingizi unakatika mapema.

Kununua kwenyewe kulinipa somo. Duka la kwanza nililoingia kijana alifungua kopo kubwa, akachota unga kidogo kwa kijiko na kuanza kunifungia kwenye nailoni. Nikamuuliza, "Mwanangu, lebo yake iko wapi?" Akanijibu, "Mama, hii wanachukua wote, weka gramu moja kwenye ndoo ya lita 20, tumbukiza mbegu, basi." Hakuna jina la kampuni, hakuna asilimia ya kiambato, hakuna tarehe ya kuisha muda. Nikamshukuru nikatoka. Dawa ya aina hii inapimwa kwa miligramu. Usipojua kama unga ulio mkononi ni asilimia 90 au asilimia 10, kipimo chochote utakachotumia ni cha kubahatisha.

Duka la pili walikuwa na pakiti iliyofungwa kiwandani, gramu 1, asilimia 90, ina namba ya usajili. Hiyo namba iangalieni kila mara. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayosajili dawa za mimea nchini, na muuzaji mwenye bidhaa halali hakasiriki ukimwomba akuonyeshe. Bei haikunishtua. Pakiti moja inatosha mbegu nyingi mno, kwa mkulima wa eka moja inabaki.

Sasa kipimo, maana watu wengi hapa ndipo wanapoharibu. Kwa kiazi kizima kisichokatwa nilitumia miligramu 10 kwa kila lita ya maji. Unga wenyewe hauyeyuki vizuri kwenye maji. Ukiumwaga moja kwa moja unaelea na kushika pembeni mwa ndoo, na mbegu nyingine zitapata dawa nyingi, nyingine hazitapata kitu. Yeyusha kwanza gramu yote kwenye spiriti kidogo, ile ya famasi, koroga mpaka isionekane chembe, halafu ongeza maji mpaka ifike lita moja. Hiyo ndiyo dawa mama. Kutoka hapo unachukua mililita 100 kwa kila lita 10 za maji, kwa hiyo bomba la mgongoni la lita 16 linachukua mililita 160. Tumia siku hiyohiyo, maana ikishachanganywa na maji nguvu yake haidumu.

Wengi wanatumbukiza mbegu kwenye pipa. Mimi sikutumbukiza na sitatumbukiza. Kiazi kimoja chenye mnyauko kikiingia kwenye maji yale, maji yote yamebeba vimelea, na kila kiazi kinachofuata kinaogeshwa humo humo. Nilitandaza mbegu kwenye turubai kivulini, safu moja isiyopandana, nikapulizia kwa bomba jipya ambalo halijawahi kubeba dawa ya magugu, nikageuza, nikapulizia upande wa pili mpaka ngozi ilowe. Nikaacha zikauke palepale kivulini. Kazi ni ndefu kuliko ya pipa, ila usiku unalala. Na msikate mbegu vipande. Sehemu iliyokatwa inanyonya dawa haraka kuliko ngozi, kipimo kinatakiwa kiwe kidogo mno kuliko hiki, na kisu nacho kinahamisha ugonjwa kutoka kiazi hadi kiazi.

Baada ya kukauka niliziweka chumba cha jikoni chenye joto, gizani, mpaka macho yalipoanza kunyanyuka. Halafu nikazihamishia kwenye vichanja vya banda langu la mwanga hafifu. Hatua hii ya mwanga haina mbadala. Unga unaamsha jicho, na mwanga ndio unaolifanya chipukizi liwe fupi na gumu.

Debe moja nilikuwa nimelitenga na kulipulizia kwa kipimo cha yule kijana, gramu nzima kwa lita 20, ili niwe na cha kuwaonyesha majirani wanaoniuliza. Hiyo ni mara tano ya kipimo nilichotumia kwa mbegu yangu. Mkikaa na vichanja viwili vile mbele yenu hamhitaji maelezo. Upande wa kipimo sahihi kila kiazi kilikuwa na machipukizi manne au matano, mafupi, manene kwenye kitako, yenye rangi ya zambarau inayoelekea kijani, na chini kabisa yameanza kutoa vinundu vidogo vya mizizi. Ukikishika kiazi na kukitikisa hakuna kinachodondoka. Upande wa pili machipukizi yalikuwa marefu na meupe, membamba, yanainama kwa uzito wao yenyewe, na hata baada ya kukaa kwenye mwanga hayakukaza. Tulipoyapeleka shambani kwenye ndoo mengi yalikatika njiani.

Shambani tofauti iliendelea. Mbegu ya kipimo sahihi ilitoka ardhini kwa pamoja, mstari mzima, mashina matatu mpaka matano kwa shimo. Kandokando yake mbegu ambayo haikupuliziwa ilikuwa inachomoza mmojammoja, mahali pengine hapana kitu. Ile ya kipimo kikubwa ilitoka mapema kuliko zote, na hili ndilo linalowadanganya watu, kwa sababu siku za mwanzo inaonekana inaongoza. Halafu ikarefuka, majani yakawa ya kijani kilichopauka, mashina yakalala mvua kubwa ya kwanza ilipopiga. Tulipochimba, viazi vyake vilikuwa vingi, vidogo, na virefu isivyo kawaida ya aina ile. Mnunuzi wa chipsi alivitazama mara moja tu akapita.

Hata kwa kipimo sahihi kuna jambo mnatakiwa kulijua kabla ya kutoa pesa. Mashina yakiongezeka, viazi vinaongezeka idadi na kupungua ukubwa, kwa sababu chakula kilekile kinagawanywa kwa wengi. Kwangu ni faida. Sehemu ya shamba langu ni ya mbegu, na majirani wanataka kiazi cha saizi ya yai. Lakini mtu anayelimia gari la Dar es Salaam, ambaye mteja wake anataka kiazi kikubwa cha kukata chipsi, mbegu iliyoamshwa aipe nafasi zaidi kwenye mstari. Mimi kwa kawaida napanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Kwenye eneo la soko niliongeza mpaka 40, na viazi vikaja vya kuridhisha.

Unga huu hauna kazi kwa mtu mwenye muda. Kama unavuna mwezi wa tano na utapanda mwezi wa tisa au wa kumi, banda la mwanga hafifu litakuchipushia mbegu bila senti, na bora zaidi. Na zipo aina zisizolala sana, kama Shangi ya Kenya, ambayo wakulima wa huko wanahangaika kuizuia isichipue. Ukiiwekea dawa ya kuamsha unaiharibu.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na nalisema kwa sababu nimeliona kwa watu ninaowapenda. Kuna wauzaji wanaowaambia wakulima wapulizie unga huuhuu kwenye majani ya viazi, majani yakiwa yameshafunika mistari, "kiazi kinenepe." Mama mmoja jirani yangu, mjane, alitumia pesa ya mbolea ya kukuzia kununua pakiti kwa ajili hiyo. Majani yakapanda mpaka kiunoni. Alifurahi sana. Chini hakukuwa na kitu cha maana.

Jiberelini kazi yake ni kurefusha. Ilivyogunduliwa kwenyewe kunatosha kuwaeleza. Mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani, Eiichi Kurosawa, alikuwa anachunguza ugonjwa wa mpunga ambao unaufanya mche urefuke kupita wenzake, upauke, halafu ulale chini bila kuzaa vizuri. Akaonyesha kwamba kuna kuvu anayetoa kitu kinachorefusha mche, na kitu hicho ndicho baadaye kilichoitwa jiberelini. Kwenye kiazi madhara yake ni makubwa zaidi, kwa sababu kiazi kinaanza pale ncha ya stoloni, ule mkono unaotambaa chini ya udongo, inapoacha kurefuka na kuanza kuvimba. Ili ivimbe, jiberelini kwenye ncha hiyo inatakiwa ishuke. Ukipulizia GA wakati huo unaiambia stoloni iendelee kutambaa. Nyingine zinatokeza juu na kugeuka kuwa mashina ya majani. Mmeziona. Urea nyingi nayo inafanya jambo linalofanana, inachelewesha kiazi na kukuza majani, kwa hiyo mtu akichanganya urea nyingi na GA kwenye majani amejinyima mara mbili.

Kutokana na hilo mtaelewa chupa ya pili ilikotoka. Paklobutrazoli inauzuia mmea kutengeneza jiberelini yake wenyewe. Kwa hesabu ya karatasi ni sawa kabisa: jiberelini ikipungua, shina linakuwa fupi, chakula kinashuka chini, kiazi kinaanza mapema. Na kwenye nchi za joto, ambako majani ya viazi yanakimbia na viazi havitokei, dawa hii inafanyiwa utafiti na inaonekana kusaidia.

Niliipulizia kwa kufuata lebo, wakati nilipochimba shina moja moja na kukuta ncha za stoloni zimeanza kuvimba. Matokeo ya juu yalionekana wazi: mimea mifupi, majani ya kijani kizito, mazito mkononi. Kupulizia dawa ya ukungu kukawa rahisi kidogo kwa sababu unaona mpaka chini ya shina. Nilipovuna, magunia ya mistari ile hayakuwa na tofauti ya kulipia chupa. Upande wa bonde, ambako udongo una rutuba sana na majani huwa yanazidi, viazi vilikuwa vya ukubwa unaolingana zaidi. Upande wa mteremko, ambako udongo umechoka, mistari iliyopuliziwa ilinipa kidogo kuliko isiyopuliziwa, na hilo halishangazi. Jani ndilo linalopika chakula cha kiazi. Mmea uliokuwa na majani ya kubahatisha ukiudumaza, unaupunguzia hata kile kidogo.

Nimelifikiria sana hili na ninaamini sababu kubwa ni hali ya hewa yetu. Kiazi kinapenda kuanza kuvimba wakati usiku ni mrefu na wa baridi. Sisi hatuko mbali na ikweta, usiku wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, hatuna zile siku ndefu za kiangazi za Ulaya. Na baridi ya Uporoto, Umalila, Makete mpaka Kitulo hakuna asiyeijua. Mmea wa viazi huku unapata kila usiku agizo la kuvimba. Ile kazi inayouzwa kwenye chupa tunapewa bure na mahali tulipozaliwa. Anayelima sehemu za chini zenye joto, kwa maji ya mfereji, na majani yanamzidi hata akipunguza urea, huyo anaweza kujaribu mistari michache apime mwenyewe.

Lakini ajue dawa hii haiondoki ardhini haraka. Inakaa kwenye udongo, na zao linalofuata linaweza kudumaa. Sisi baada ya viazi tunaweka njegere, mahindi au pareto. Mistari yangu ile nimeiandikia kwenye daftari na nimeiwekea vigingi, nitaiangalia kwa karibu njegere zikiota. Hilo pekee linatosha kunifanya nisiipeleke shamba zima.

Kuna mtu ataniuliza kama basi unga unaongeza mavuno au hauongezi. Kwangu umeongeza, kwa njia moja: shamba limeota bila mapengo na limeota mapema, likakamilisha kiazi mvua zikiwepo. Haukunipunguzia kazi nyingine hata moja. Baka jani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu, lilikuja wakati wake na nikapulizia kama kawaida. Matuta niliyapandishia udongo mara mbili. Majani niliyakata wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ikomae. Na kama mbegu yako imeshachoka, imezungushwa miaka na miaka na kujaa virusi, unga utaiamsha mapema iende ikazae kidogo mapema. Kwanza tafuteni mbegu safi, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kipo karibu na wanaelekeza, na wazalishaji wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, wapo mpaka Njombe. Halafu ndiyo muulize habari za kuiamsha.

Kwa mizani yangu, unga wa GA, pakiti iliyofungwa, kwa mbegu ya mwezi wa pili: nyota nne kati ya tano. Chupa ya paklobutrazoli kwa nyanda za juu: nyota moja.

Nyota ya tano ya unga nimeizuia kwa ajili ya lebo. Maelezo ya ndani ya pakiti yalikuwa na herufi ndogo mno, na vipimo vimeandikwa kwa ppm, yaani miligramu kwa lita, kipimo ambacho mkulima wa kawaida hana namna ya kukipima akiwa na ndoo na bomba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ianze kuyeyushwa kwenye spiriti. Hakuna onyo la kutopulizia kwenye majani ya viazi. Tunawaomba mnaofungasha: andikeni kwa Kiswahili kinachosomeka, mililita ngapi za dawa mama kwa bomba la lita 16, kiazi kizima kipimo chake na kilichokatwa kipimo chake, na mtie ndani ya boksi kikombe kidogo chenye alama. Mtengeneze pia pakiti ya robo gramu. Mwenye robo eka hana sababu ya kununua gramu nzima, akibaki nayo atamgawia jirani kwenye karatasi isiyo na maelezo, na jirani atakisia.